Siku Niliyovaa Herufi za Mwenzangu

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mwanangu, baridi ya Iringa imeanza kulegea na upepo unapeperusha vumbi jekundu la uwanja wetu, nami nimesimama chini ya goli la mpira wa pete na herufi zisizo zangu zimening'inia kifuani. Mtu akizeeka husahau alichokula jana akakumbuka mambo ya ujana utadhani ya leo asubuhi. Nami ndipo nilipofika. Vumilia kidogo, nitakufikisha.

Sikuwa na nia ya kuisimulia siku hiyo. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, nimewasimulia watoto wa watu visa vya kila namna, lakini hiki nilikipitia mbali kama mtu anavyopitia mbali nyumba anayodaiwa ugomvi. Ila wahenga walisema mficha uchi hazai, na safari hii aliyekuwa anakaribia kukosa uzazi, kwa maana ya mfano, alikuwa mjukuu wangu. Basi nikaufunua.

Mjukuu mwenyewe anaitwa Lusajo, mtoto wa binti yangu. Yuko kidato cha tano, na likizo huja kukaa kwangu hapa Ipogolo. Baba yake ni Mnyakyusa wa Mbeya, ndiye aliyempa jina hilo, ambalo kwao maana yake ni baraka. Huyo Baraka wetu hachezi mpira wa miguu kama wenzake. Anacheza besiboli. Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani ni ugonjwa. Nimekwenda kumtazama mara tatu, na nilichoelewa ni hiki: mmoja anarusha kijimpira kigumu kwa nguvu zake zote, wa pili amesimama na rungu anajaribu kukipiga, na nyuma ya mwenye rungu amechuchumaa wa tatu, glavu kubwa mkononi na kinyago cha vyuma usoni, kazi yake kukidaka kile kitakachompita mwenye rungu. Huyo aliyechuchumaa ndiye Lusajo. Wanamwita mdakaji.

Mwalimu wao amewaambia kwamba vyuo vya ng'ambo hutafuta wachezaji wangali shuleni, na kocha wa chuo akikupenda unaweza kusomeshwa huku unacheza. Kocha huyo hawezi kufunga safari hadi Ipogolo kumtazama mtoto wa watu. Anatumiwa video, anaitazama akiwa kwake, akipendezwa anajibu. Mwalimu akamtafutia Lusajo anwani ya kocha mmoja, na akamwambia ameshamwandikia maneno mawili matatu juu yake. Kilichobaki kilikuwa video.

Nikamkuta alasiri moja nyuma ya nyumba, pale tunapoanika mahindi, rafiki yake kashika simu, yeye anarusha mpira ukutani. Anajikunja, anainua mguu juu, anaachia. Nikamwuliza lini amekuwa mrushaji. Akacheka. Akaniambia kwamba huyo kocha atatumiwa video ya Lusajo mrushaji, na kwamba kwenye simu ipo namna ya kuiharakisha video kidogo, mpira uonekane unakwenda kama risasi, na hakuna atakayejua.

"Bibi, hawa makocha wanaangalia sekunde chache tu wanapita," akasema. "Mrushaji ndiye anayeonekana. Mimi niko kule nyuma nimefunikwa uso kama mtu anayerina asali. Nani ataniona?"

Neno lile la mwisho likanichoma. Nilikuwa nimelisema mimi mwenyewe, kwa sauti ya msichana wa kidato cha nne, kabla mama yake hajazaliwa. Nikamwambia azime hiyo simu aje akae.

Sasa sikiliza na wewe.

Mimi kwetu ni Rujewa, kwenye mpunga wa bonde la Usangu. Baba alikuwa mkulima, na nilipofaulu kwenda sekondari ya wasichana hapa Iringa mjini, juu ya mlima, kwetu ilikuwa sherehe. Niliikuta shule ya baridi. Mtoto wa Usangu aliyezoea joto la bondeni, nikawa natetemeka miezi mitatu. Wahehe wa pale walikuwa wananicheka, wananisalimia kwa Kihehe, kamwene, huku nimejifunga blanketi kama mgonjwa. Rafiki niliyempata alikuwa Atupele, Mnyakyusa wa Tukuyu, aliyezoea baridi na mvua, mrefu, mcheshi, mtu wa kuamini kila anachoambiwa. Kitanda chake kilikuwa kando ya changu miaka yote minne.

Tulicheza mpira wa pete pamoja. Kwa asiyeujua, kila mchezaji huvaa kifuani kitambaa chenye herufi, na herufi hizo ndizo zinazosema yeye ni nani uwanjani na mwisho wake wa kwenda ni wapi. Atupele alivaa GS. Huyo ni mfungaji, anasimama karibu na goli la wapinzani, mpira unamfuata, watu wanashangilia jina lake. Mimi nilivaa GD. Huyo ni mlinzi. Kazi yangu ilikuwa kumganda mpinzani mmoja, kusoma macho yake, na kuukata mpira kabla haujamfikia. Nikiifanya vizuri, hakuna kinachotokea. Hebu fikiri kazi ya namna hiyo, ambayo ukiiweza watu hawaoni kitu.

Na vitambaa navyo vilikuwa na maneno yake. Mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Kalinga, mama wa Kihehe, mfupi, mkavu, asiyecheka ovyo, alivishona mwenyewe kwa mkono. GS alikishona kwa kitambaa kipya chekundu alichopewa na mfadhili. Kitambaa kikamwishia. GD akakikata kwenye pazia kuukuu la bwalo la chakula, lenye maua yaliyopauka. Usicheke. Nilivaa pazia miaka miwili, na kila mechi nilikuwa nasikia watazamaji wakiuliza yule mwenye pazia ni nani.

Mimi sikuwa msemaji enzi hizo. Uzee ndio umenifungua mdomo. Nilinyamaza, lakini moyoni nilikuwa na donge.

Mwaka wa mwisho tukasikia habari. Karani wa shule, ambaye siri haikuwahi kulala ndani yake, alituambia mwalimu wa michezo wa chuo kimoja cha ualimu kule Mbeya anakuja kutazama mechi yetu ya Jumamosi. Wakati ule wahitimu tulipangiwa vyuo na serikali, lakini kila msichana pale alijua kwamba mwalimu huyo akikutaka kwenye timu yake, jina lako halipotei njiani. Na mimi chuo kile nilikitaka kuliko chakula. Nilitaka kuwa mwalimu. Nyumbani tulikuwa wasichana wanne, na nisipokwenda chuo nilijua nitarudi shamba kuamia ndege, na mchumba nilikuwa nimekwishatafutiwa.

Usiku wa kuamkia mechi sikufikiri kitu kingine. Asubuhi nikasema moyoni, na hili pazia, nani ataniona?

Mechi ilikuwa saa nane. Mwalimu Kalinga alikuwa langoni tangu saa sita akimngoja mgeni, ambaye basi lake lilichelewa. Tukaambiwa tuvae, mwamuzi hana muda wa kungoja. Nikamfuata Atupele pale alipokuwa akifunga kamba za raba, nikamwambia Mwalimu amesema leo tubadilishane. Yeye avae GD, mimi GS. Nikaongeza, ili uongo ukae vizuri, kwamba ni mbinu mpya ya kuwachanganya wapinzani.

Atupele hakuuliza swali. Akakivua kile chekundu, akanivika mwenyewe kichwani, akanifunga kamba za ubavuni. Kisha akachukua pazia langu akalivaa. "Umependeza," akaniambia.

Kapteni wetu alishangaa kidogo, lakini jina la Mwalimu Kalinga lilikuwa linatosha kufunga midomo. Filimbi ikalia.

Mwanangu, nisikufiche. Mfungaji si kitambaa. Nilipewa mpira wa kwanza nikiwa karibu kabisa na goli, nikaurusha ukapita juu ya pete kama unaogopa kuigusa. Wa pili uligonga chuma. Wa tatu nikasahau kwamba nina sekunde tatu tu, mwamuzi akaniadhibu. Na huku nikikosa, jicho langu moja lilikuwa pembeni ya uwanja, kwa sababu Mwalimu Kalinga alikuwa amekwishafika na mgeni, mwanamume wa makamo, viatu vyake vimegeuka rangi kwa vumbi, amekaa kwenye kiti cha ofisini walichomtolea. Nikajinyoosha. Nikaurukia hata mpira ambao haukuwa wangu. Nilitaka anione, na kila nilipotazama, macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa upande mwingine kabisa, upande wa goli letu, kwa Atupele.

Masikini Atupele. Hakuwahi kulinda maishani mwake. Mpinzani wake alimzungusha kama kuku aliyefungwa mguu, akafunga anavyotaka. Naye hakuacha kukimbia. Aliamini ametumwa na Mwalimu, basi alitaka kuifanya kazi aliyotumwa. Karibu na mapumziko alijirusha kuukata mpira mmoja, akaangukia goti juu ya kokoto. Nilisikia sauti ya goti lile kutoka upande wa pili wa uwanja. Akanyanyuka, damu inateremka hadi kwenye soksi, akaendelea. Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hiyo asiyesikia nilikuwa mimi, na goti lililopasuka lilikuwa la mwenzangu.

Filimbi ya mapumziko ilipolia nilimwona mgeni akisimama. Akatoa karatasi mfukoni, akaitazama, akasema na Mwalimu Kalinga maneno machache, akampa mkono. Basi la kumrudisha Mbeya lilikuwa linatokea Dar na kupita hapa bondeni Ipogolo kwenye saa tisa, na kutoka kule juu hadi barabarani ni mwendo. Akaondoka. Kipindi cha pili, maana kabla ya mapumziko sheria hairuhusu kubadili herufi, Mwalimu Kalinga aliturudisha katika zetu. Nikalivaa lile pazia lenye damu ya Atupele, na sitaki kujisifu, lakini mpinzani yule hakufunga tena hata moja. Hakuwepo wa kuona.

Baada ya mechi wenzangu walikwenda kuoga. Mimi nikaitwa pale pale chini ya goli, Mwalimu anakunja vitambaa kimoja kimoja anaviweka kwenye boksi. Nilidhani atanichapa. Angenichapa ingekuwa nafuu.

Aliniambia taratibu, kwa sauti yake ile ya kawaida ya darasani, kwamba alimwandikia mwalimu yule barua mbili. Mbili, mwanangu, na mimi sijui. Alimwandikia kwamba anaye msichana wa GD, mtoto wa Rujewa, hasemi sana, lakini mpira ukielekezwa kwake haupiti. Mwalimu yule akamjibu kwamba wafungaji anao wa kutosha, mlinzi ndiye anayemtafuta, na kwamba atakuja kumwona huyo. Akatoka Mbeya alfajiri. Akateremka hapa Ipogolo, hakupata gari, akaupanda mlima ule kwa miguu adhuhuri. Akakaa, akamtafuta GD, akamtazama GD muda wote aliokuwa nao.

Nilimwuliza kwa nini hakumwambia kwamba mimi ndimi, niko pale mbele, nimevaa GS. Akasema alimwambia. Mgeni akauliza, basi kwa nini hayuko mahali pake?

Kisha akafunga boksi akanitazama.

"Alikuja kukuona wewe," akasema. "Hukuwepo."

Akabeba boksi lake akaenda zake, mama mfupi anayetembea haraka, na mimi nikabaki nimeishika ile nguzo. Nililia mpaka kamasi zikanisumbua. Nimefiwa na wazazi wote wawili tangu siku ile, nimemzika mume wangu, nimelia vilio vyenye sababu kubwa zaidi. Lakini kilio cha aibu kina ladha yake, na bado naijua.

Niseme na hili, kwa kuwa nimeamua kusema yote. Zamani nilimlaumu Mwalimu Kalinga. Nilisema, kama angeniambia kwamba ameniandikia barua, kwamba lile pazia lilikuwa linaonekana hadi Mbeya, nisingelivua. Alinificha kwa kuogopa sifa zisinivimbishe kichwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya walimu wetu na ya wazazi wetu, kumsifia mtoto mbele ya wengine na kumnunia mbele yake mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu niliiacha desturi hiyo. Niliwaambia watoto wazi, wewe nakuona. Lakini kosa la Mwalimu Kalinga halikuufanya uongo wangu uwe kweli.

Atupele aliujua ukweli jioni ile ile. Nilimweleza mwenyewe, maana angeusikia tu. Alikuwa kajifunga kitambaa gotini, amekaa kitandani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Kilichomuuma, aliniambia miaka mingi baadaye, si goti. Ni kwamba mgeni alimwona akishindwa kazi ambayo haikuwa yake, akaondoka asijue kama kuna kazi anayoiweza. Huenda angemwona akifunga angebadili nia, akamchukua na yeye. Huenda asingemchukua. Mimi nililiondoa swali lenyewe.

Siku mbili hakusema nami. Siku ya tatu nikakuta kile kitambaa changu cha pazia juu ya mto wangu. Kilikuwa mikononi mwa Mwalimu siku ile, kina damu, na Atupele alikwenda kukiomba. Alikuwa amekifua, damu yote imetoka, amekikunja vizuri. Naye amesimama mlangoni.

"Chukua herufi zako," akaniambia.

Mpaka muhula unakwisha hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho kati yetu.

Matokeo yakatoka, nikafaulu, chuo sikupangiwa. Nikarudi Rujewa. Nimeamia ndege misimu mitatu, mwanangu, nikizungusha kombeo na kupiga debe tangu jua halijachomoza, na yule mchumba nikamkataa kwa ugomvi ambao baba hakunisamehe upesi. Ualimu niliupata mwishowe, kwa kuanza kufundisha shule ya kijijini bila cheti na kusomea kazini. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinirefushia safari kwa miaka mitano. Nilifika, ninamshukuru Mungu, lakini nilifika nimechoka, na wenzangu wamekwishatangulia.

Atupele naye hakwenda chuo. Aliolewa, akafanya biashara ya mchele Mbeya mjini. Siku moja, nikiwa na mtoto mgongoni, huyo huyo mama yake Lusajo, nilikuwa napita sokoni Mwanjelwa nikasikia mtu anaita kwa nguvu, "GD! We GD!" Hakuna mtu duniani aliyekuwa ananiita hivyo. Nikageuka. Alikuwa amekaa nyuma ya magunia yake, amenenepa, anacheka. Nikapiga magoti pale pale kwenye tope. Akanivuta juu, akaniuliza kama nimekuja kununua mchele au kusali. Tangu siku hiyo hatujaachana.

Hayo ndiyo niliyomwambia Lusajo pale nyuma ya nyumba. Kutoka pale tulipokaa, ukiinua macho, unauona mlima wenyewe, ile barabara inavyopinda kupanda mjini. Nikamwonyesha. Nikamwambia, yule mtu aliupanda huu kwa miguu, kwa ajili ya msichana mwenye pazia.

Lusajo akawa anageuzageuza mpira mkononi. Kisha akauliza, kwa sauti ya kijana anayetaka kushinda ubishi na hana uhakika tena, kwamba je, kama huyo kocha anatafuta warushaji tu? Nikamjibu kwamba basi atatafuta mrushaji, na wewe si mrushaji, na siku ukifika huko na begi lako atakupa mpira akuambie rusha. Na huko, mwanangu, hakuna simu ya kuuharakisha mkono. Nikamwuliza tena, mwalimu wako alimwandikia nini huyo kocha? Alimwandikia juu ya nani?

Akaacha kuugeuza mpira. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mdakaji."

Nikampigia simu Atupele pale pale, nikamwambia nimemsimulia kijana habari ya goti lake bila kumwomba ruhusa. Akacheka mpaka akakohoa. "Ndaga," akasema, akinishukuru kwa Kinyakyusa, "umefanya vizuri. Ila mwambie goti lenyewe mvua ya masika ikinyesha bado linaniuma, asidhani ni hadithi." Nikaweka simu kwa sauti kubwa, Lusajo akamwamkia shikamoo Bibi, akaambiwa aonyeshe mikono yake, naye akaiinua mbele ya simu isiyo na picha. Nilimpenda sana dakika ile.

Kesho yake asubuhi alikuja na kile kinyago chake cha vyuma, akaniomba mimi nishike simu, maana rafiki yake ndiye atakayerusha. Video ya kwanza tuliiharibu kwa sababu kidole changu kilikuwa kimeziba jicho la simu. Ya pili ilitoka. Kachuchumaa muda mrefu, magoti yake hayatetemeki, anadaka mipira iliyonyooka na iliyopotea, anainuka, anarudisha, anachuchumaa tena. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa sijawahi kuona mtu akiinama vizuri vile. Mwishoni alivua kinyago akataja jina lake, shule yake, na kazi yake uwanjani. Video imekwenda. Jibu halijaja, na sijui kama litakuja.

Basi shika hili, mwanangu, uwe unacheza besiboli, mpira wa pete, au unatafuta kazi ya kukaa kwenye kiti. Kutaka kuonekana si dhambi. Watu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mimi mtoto wa Rujewa najua kwamba hata mchele mzuri haujipeleki gulioni, lazima mtu aubebe. Kwa hiyo ubebe. Andika barua hiyo, tuma hiyo video, na ukijibiwa kimya tuma kwa mwingine. Mwombe mwalimu wako akusemee, maana neno la mtu anayekujua ni zito kuliko lako. Na vitabu usiviweke chini, kwa kuwa kocha wa chuo akishaipenda mikono yako atauliza matokeo yako, na hapo mwenye kukusemea hatakuwepo. Ila kilicho juu ya gunia kiwe ndicho kilicho chini yake. Wapo wauzaji wanaofunika chenga kwa mchele mzima, nao huuza mara moja tu.

Usione haya kwa herufi ulizopewa, hata zikishonwa kwa pazia. Ukizichoka, mwendee mwenye kuzigawa umwambie, ujifunze nyingine mchana kweupe. Usizivue kwa hila, wala usimvike mwenzako shida yako. Pale unapodhani hakuna anayetazama, huenda ndipo mtu alipoambiwa atazame, na barua yako imetangulia nawe hujui.

Nami nakuombea. Mungu akupe mikono isiyochoka na magoti ya kukufikisha uzeeni, na la Atupele nalo alipoze. Akupe mwalimu wa kukuandikia, na ujasiri wa kukiri unapokosea. Ile baraka iliyo katika jina la mjukuu wangu iwe yako pia, iwe juu yako na juu ya watakaokuzunguka. Na siku anayekutafuta atakapoupanda mlima, akafika na vumbi lake miguuni, mwanangu, akukute.